Mama Mpya wa Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Binti kachelewa tena. Alikuwa mtoni na yule bibie wa mazingira, anambebea chupa za kupimia maji. Eti kiwanda chetu cha rangi kinaua mto. Samaki wameisha kweli, si kipofu mimi. Bibie anataka lijengwe bwawa la kusafisha maji machafu. Msimamizi anasema bwawa hilo litakula kazi zetu. Na karo ya binti inatoka wapi? Nikimwambia hivyo, ananuna.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimemsikia anamwita Ma'mdogo. Ma'mdogo! Mimi kwetu nimezaliwa peke yangu — huyo mdogo nimempata wapi? Mikono yake laini, kucha zinang'aa. Yangu buluu mpaka viwikoni, sabuni imesalimu amri. Zamani binti alinitania, Mama Anga. Siku hizi harufu yangu inamuumiza kichwa.

Ijumaa, 8 Machi
Mdomo wangu huu! Msimamizi kapita kwenye pipa langu, kauliza mbona binti haniletei chakula siku hizi. Roho ikanichemka. Nikasema yuko na mama yake mpya, Jumatatu wanakwenda kuchota maji bomba la nyuma, lile linalomwaga uchafu mtoni. Nilitaka kuonewa huruma tu. Akacheka, akanishukuru. Ananishukuru nini?

Jumatatu, 11 Machi
Bomba la nyuma limefungwa tangu asubuhi. Mapipa yamelala, sisi tunafagia palipofagiwa. Binti na bibie wake wamechota maji safi kama ya kunywa. Binti karudi analia. Anasema kuna mtu kawauza. Nikamfuta machozi na kanga. Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi: kilio kakileta kwangu, si kwa yule.

Jumatano, 13 Machi
Asubuhi kanilalia mapajani kama zamani, hakulalamikia harufu. Kisha akasema polepole, "Kesho alfajiri tunarudi bombani, mama. Ma'mdogo kanikataza kumwambia mtu. Wewe si mtu, wewe mama."
Nimeenda kazini naelea.
Sasa mapumziko, naandika chumba cha kubadilishia nguo. Msimamizi kaniletea glavu mpya, ndefu. Mimi peke yangu! Wenzangu wananitazama kwa pembe ya jicho. Nimezivaa. Buluu yote imefichika, mikono kama ya bibie.
Msimamizi kasimama mlangoni. "Mama mpya hajambo? Hana safari ya mtoni wiki hii?"
Nimejifanya natafuta kandambili. Hajaondoka. Glavu zinanibana, nazivuta nimrudishie, hazitaki kuvuka.