Yaya, Usizikaze Kamba za Kanisa

Kwako Yaya, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka Afrika Kusini. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na hapo Rugenge mnalala nyumbani, au bado mnakimbilia Burundi mkisikia mizinga? Mimi ni mzima, ila barua yako imeninyima raha.

Unasema kuta za kanisa lililochomwa zimesimama tena, lakini miti ya paa hampati kwa sababu wenye bunduki wamefunga njia ya Lemera. Basi utaning'iniza mabati kwa kamba za chuma mlizotoa kwenye meli mbovu, "kama anavyofanya mdogo wangu." Yaya, nilijisifu. Nilikuandikia kwamba tunajenga paa la kiwanja cha mpira lisilo na nguzo hata moja. Sikukwambia kwamba kazi yangu ni kusukuma mkono wa jeki.

Kamba zote tulizitandaza chini kwanza, tukaziunganisha, kisha tukaanza kuzipandisha, kila kundi na jeki yake. Unasukuma mara kumi, unasimama, unangoja wapime kama makundi yote yako sawa. Mimi nikaanzisha wimbo wetu wa kuvuta nyavu za dagaa, na wimbo ule unaujua, haungoji mtu. Upande wetu ukatangulia, paa likainama. Filimbi ikalia. Mwenzangu mmoja wa Uvira akanifokea: "Weye! Unazani tuko tunavuta ndagala? Iko batu kule chini!" Tulishinda siku nzima tukilishusha. Niliona haya mpaka chakula kikanishinda.

Ndipo injinia akanieleza kwamba kamba ikibeba, inavuta pia kwa ndani kile ilichofungwa. Inayozuia ni pete kubwa ya chuma iliyozunguka kiwanja chote. Hapo nikakumbuka barua yako, nikaogopa kweli. Ninyi pete hamna. Mna kuta za matofali yasiyochomwa. Mkizikaza kamba, kuta zitaangukia ndani. Mkizilegeza, upepo wa ziwa utang'oa mabati. Najua utasema mtoto wa juzi anamfundisha fundi aliyemfundisha kushika nyundo. Sema tu, lakini acha.

Fungeni turubai, au salini juani mpaka njia ifunguke. Kama umeshawaahidi waumini, wasomee barua hii, aibu iwe yangu.

Nisalimie shemeji, na shangazi muuza ndagala, na katekista, mwambie anisamehe kwa kumcheleweshea paa. Mama mshike mkono kwa niaba yangu. Yeye huketi benchi la mbele, Yaya, na aliyemwekea kamba zile juu ya kichwa ni mimi.

Mdogo wako mwenye hofu juu yenu,
Bahati