Aliyepokea Simu ya Msaada

Ijumaa, baada ya mvua

Leo jua limewaka tangu asubuhi, jua kali la kukausha matope mpaka yanapasuka. Karibu na mdomo wa mto, ziwa bado lina rangi ya udongo. Wanawake wamerudi kuanika ndagala kwenye mchanga kana kwamba wiki hii haikutokea. Mimi sijaenda shule. Direkta ameniambia nikae nyumbani mpaka nijisikie vizuri. Nimekaa. Sijisikii vizuri.

Naandika kwa sababu kuongea kunanichosha. Kila anayekuja kunipa pole anataka nianze upya, na kila nikianza upya naona namzika tena. Nitaandika mara moja tu. Atakayeuliza, nitamwambia asome.

Yaya Faida alikuwa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, ndiye aliyenisomesha kwa samaki wake wa sokoni mpaka nikawa mwalimu. Tuliishi wawili tu katika nyumba hii, chini ya kilima. Alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Wageni waliogopa kukaa kwetu kwa sababu alikuwa akifagia hata chini ya miguu yao.

Jumatatu mvua ilianza kabla hatujaamka. Maji yalijaa barabarani, nikajua hakuna mwanafunzi atakayefika, nikabaki nasahihisha madaftari. Yaya alikuwa katika jiko la nje, amebandika maharagwe. Juu yetu, mwenye kiwanja cha mlimani alikuwa amejenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wake. Nilisikia kama lori linamwaga mchanga. Nilipotoka, jiko halikuwepo.

Majirani walikuja mbio. Walichimba kwa majembe, kwa mabeseni, kwa mikono. Deo, jirani yetu ambaye ni fundi mwashi, ndiye aliyefika kwenye kichwa cha yaya kwanza, kisha mabega, kisha mkono mmoja. Alikuwa hai. Alikuwa anaongea. Lakini boriti ya saruji ilikuwa imemlalia kiunoni, na juu ya boriti kulikuwa na nusu ya ukuta.

Deo aliizunguka, akaigusa, akatikisa kichwa.

“Mwalimu, tukiivuta kwa nguvu, yote yenye iko juu itamushukia. Hii inaomba mashini. Piga telefone kwa watu ya msaada.”

Namba hiyo kila mtu hapa kwetu anajua ilipo. Imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ofisi ya kartie, yaani mtaa, chini ya maneno “Msaada wa haraka.” Darasani mimi mwenyewe huwafundisha watoto waikariri. Wanaiimba vizuri.

Nilipiga. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, mwanamume akapokea. Nyuma yake nilisikia pikipiki, na mvua ikipiga mabati. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: ukuta, boriti, yaya, kartie yetu. Hakunikatiza.

“Mama, unisamehe,” akasema. “Hapa haiko kwa watu ya msaada. Minye niko kambiste, nabadilisha feza hapa Kavimvira, kwenye mupaka. Hii namba nilinunua pamoja na karte ya laini barabarani. Sikujua ilikuwa ya nani.”

Nilidhani nimekosea. Nikamsomea namba.

“Njo yenyewe,” akasema. “Batu wanapigaka hapa kila mara.”

Sikumkasirikia. Nilimuuliza tu, kama mtu ambaye lazima ajue, “Sasa nimpigie nani?”

“Sijui, mama. Hata minye nimeisha kuuliza mara nyingi. Hakuna mwenye ananijibu.”

Ningekata simu hapo. Ni yeye aliyeendelea.

“Yaya yako iko hai?”

“Yuko hai, anaongea.”

“Nini inamukandamiza?”

“Boriti.”

“Kriki ya lori inaweza kuinua boriti. Hapa kuko malori yenye yanangojea kulipa duwane. Niende nimuombe shofa mumoja kriki yake. Kama nimepata, ninakuja.”

Kriki ni kile chuma cha kuinulia gari linapobadilishwa gurudumu. Tangu Jumatatu naifikiria kila mara. Hakuna mtu mwingine katika mji huu aliyeniahidi hata kitu kidogo kama hicho.

Nilirudi kwa yaya, nikapiga magoti kwenye tope. Deo alikuwa amesimamisha mawe chini ya boriti isizidi kushuka, na majirani walishika turubai juu yetu.

“Nani anakuja?” yaya akauliza.

“Watu wa msaada,” nikasema.

“Basi uwaambie waache viatu inje. Nimeisha kufagia.”

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Nikafikiri, mtu anayesema hivi hafi.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Aliniuliza kama maharagwe yameungua. Aliniambia kitenge chake kizuri kiko wapi, akasema si kwa sababu ya lolote, nijue tu. Nilimpa maji kwa kijiko. Kila mara aliuliza wamefika wapi, na kila mara nilitunga mahali. Wako sokoni. Wako darajani. Wamekaribia. Nilikuwa nampigia yule kambiste, simu yake haipatikani, nami namwambia yaya wamekaribia. Mkono wake ulikuwa baridi lakini bado ulinishika.

Kisha ukaacha kunishika.

Nilijua mara moja. Hata hivyo niliendelea kumwambia wako wapi, mpaka mke wa Deo aliponikumbatia kwa nyuma akasema, “Mwalimu, inatosha.”

Papa Zawadi alifika mvua ikiwa imebaki manyunyu. Hilo ndilo jina la yule kambiste, nilikuja kulijua baadaye. Ni mtu mwembamba, mvi zimeanza, na alikuwa amelowa mpaka kifuani. Mwenye pikipiki alikuwa amekataa kuvuka darajani kwa sababu maji yalipita juu. Yeye alivuka kwa miguu, kriki begani, amejishikilia kwenye kingo za daraja, na simu yake ikalowa ikazima mfukoni mwa shati. Hakusalimia. Aliniangalia, akamwangalia yaya, akaiweka kriki chini polepole.

Walimtoa kwa kriki hiyo, yeye na Deo. Boriti iliinuka kirahisi.

Hilo ndilo ninaloshindwa kulala nalo. Iliinuka kirahisi kabisa.

Jumatano tulimzika. Papa Zawadi alikuja tena, safari hii na shati kavu, akakaa kwenye viti vya nyuma pamoja na wanaume. Wimbo ulipokuwa unaendelea simu yake iliita. Akatoka. Nilimfuata bila kujua kwa nini. Alikuwa amesimama kando ya choo, ameziba sikio moja, anasema: “Mama, minye siko munganga. Umulaze upande, umutafutie pikipiki. Usingojee motokari. Hakuna motokari yenye inakuja.” Alirudia hayo maneno ya mwisho mara kadhaa, kwa sauti ya upole.

Alipomaliza alinieleza kuwa ni mwanamke wa Katogota, mtoto wake ana degedege. Kutoka Kavimvira mpaka Katogota hata angetaka asingefika.

“Papa, kwa nini usiitupe hiyo namba?” nikamuuliza.

Alikaa kwenye tofali.

“Niliizimaka siku kidogo,” akasema. “Wakati niliwasha, nikakuta muzee mumoja aliacha sauti yake. Alikuwa anaongea tu, anaeleza nyumba yake iko wapi, anaeleza mulango uko na rangi gani. Alifikiri kuko muntu anamusikiliza.”

Hakuniambia kilichompata mzee huyo. Sidhani anajua.

Aliniambia pia kwamba aliwahi kwenda ofisi ya kartie kuomba namba ifutwe ukutani. Wakamwambia mwenye jukumu hayupo. Alirudi siku nyingine, hayupo. Mwishowe alikwenda mwenyewe na chokaa na brashi, na watu wa mtaani wakamfukuza. Walisema anaharibu msaada wao.

Nilimuuliza kama hawaogopi wale wanaompigia, kama hachoki. Akasema anachoka. Akasema mke wake ameshamwambia achague, biashara au namba hiyo, kwa sababu wateja wanaondoka wakati yeye anasikiliza vilio vya watu asiowajua. Kisha akaniuliza kama yaya aliteseka. Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, na nikaona hakuniamini.

Nimekaa leo nikijaribu kumkasirikia mtu. Mwenye ukuta wa mlimani amehama, hakuna anayejua alikokwenda. Ofisi ya kartie imefungwa kufuli tangu vurugu za hivi karibuni, inafunguliwa siku inapojisikia. Walioandika namba kwa rangi nyekundu labda walikuwa na nia njema. Labda siku hizo kulikuwa na mtu mezani, na gari, na petroli. Hasira yangu inatafuta mlango na haipati, inarudi kwangu mwenyewe kama njaa.

Mchana huu alikuja Mama Neema, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Ni mjamzito, tumbo limeshuka, na mume wake yuko milimani Bijombo na njia imefungwa. Alinipa pole. Kisha akasema kwa aibu:

“Mwalimu, ile namba yenye ulipiga. Naomba unipe.”

Nilimwambia ukweli wote. Nilimwambia si watu wa msaada, ni kambiste wa mpakani, hana gari, hana dawa, hawezi kufanya lolote.

“Najua,” akasema. “Lakini anakamata telefone.”

Nilimpa. Alipoondoka nilijiona kama nimemwongezea mtu mzigo kichwani bila kumwomba ruhusa, nikampigia Papa Zawadi kumwomba radhi. Nilimweleza. Nilisikia mtu akimwuliza bei ya dola, na yeye hakumjibu.

“Iko karibu kuzaa?” akauliza.

“Nadhani.”

“Atazaa siku gani?”

Nikasema sijui.

“Umuulize,” akasema. “Na umuulize kama kwake pikipiki inafika mpaka mulangoni.”

Kesho asubuhi nitaenda kumuuliza. Hapa kwetu pikipiki haifiki, njia imeliwa na udongo. Nitamwuliza tu.