Mkono Begani kwa Mzee Johnstone

Jumatatu, 9 Novemba 2009

Nimemaliza! CD arobaini na moja za picha za studio, zote zimeingia kwa kompyuta. Miaka sita ya harusi na matanga ya watu wa Eldoret. Odera, fundi mwenzangu – mdomo wake ni redio, haizimwi – amenifunza programu mbili. Ya kwanza inapanga picha zote ndogo ndogo uchungulie. Anaiita Sokoni. Ya pili ni ya kutengeneza. Anaiita Jikoni. Unachagua Sokoni, unavuta na mouse, unaangusha Jikoni. Rahisi kuliko kusonga ugali!

CD zenyewe nimempa Baba atundike kwa shamba lake la wimbi zifukuze ndege. Amefurahi sana.

Jumanne, 10 Novemba

Mama Faith ameingia studio. Mama Faith! Jirani yetu wa nyumbani Yamumbi, seng'enge moja tu kati ya boma lao na letu. Sikuwa nimemwona tangu nyumba yao ichomwe kwa zile fujo za uchaguzi, Januari ya mwaka jana. Siku hizi anakaa Nakuru. Nimemkumbatia.

Faith anaolewa Jumamosi, hapa mjini. Mama anataka picha ya marehemu mumewe, Mzee Johnstone, aliyefariki kabla ya fujo, iwekwe kwa kiti chake kanisani. Zao zote ziliungua, hata ya kitambulisho. Akauliza kama sisi tunaweza kuwa na moja. Nikamwambia arudi kesho.

Nimechungulia Sokoni masaa mawili. Nikampata! Harambee ya kanisa, 2005. Mzee Johnstone ameketi, anacheka meno yote nje, na begani kwake kuna mkono. Mkono wa Baba. Baba amesimama nyuma yake, anacheka pia.

Nimevuta, nimeangusha Jikoni. Nimemkata Baba. Nimefuta mkono, kidole kwa kidole. Studio zote hapa hufanya hivyo na picha ya marehemu – awe peke yake, safi, rangi ya samawati nyuma. Lakini wacha nisidanganye karatasi. Niliona aibu. Siku ile kelele zilipoanza, Baba alizima koroboi akafunga mlango. Hakuchoma chochote. Hakufungua pia.

Odera akamvalisha Mzee ile suti yetu nyeusi. Nusu ya marehemu wa wilaya ya Uasin Gishu wamevaa suti hiyo hiyo moja! Nikasevu. Nikasevu tena ndio niwe na uhakika.

Jumatano, 11 Novemba

Mama Faith ameangalia picha akacheka mpaka akashika meza. "Nani amemfunga huyu tai? Hata siku ya harusi yetu alikataa!"

Kisha akasogea karibu. Akagusa bega la Mzee kwa kioo cha kompyuta. Akauliza mkono uko wapi. Kumbe picha hii hii ilikuwa ukutani kwake mpaka siku ya moto.

Nikamwambia nilidhani hataki kuuona. Akasema, polepole, bila hasira, kwamba anajua mlango ulifungwa. Yeye ndiye alikuwa nje akibisha. Lakini mkono huo ulichimba kisima chao, na ulibeba jeneza la Johnstone. Anataka picha vile ilivyokuwa.

"Hakuna shida, Mama." Nikarudi Sokoni kutoa ile ya kwanza.

Woi! Hata Sokoni Mzee ana suti! Mimi nilidhani kinachoenda Jikoni ni kopi. Odera akashika kichwa. "Wee Jerop! Ukivuta hivyo unapeleka ng'ombe mwenyewe. Na umeshachinja!"

Mama Faith tumemwambia tunaishughulikia. Ameenda kwa dada yake huko Langas akiamini. Sijala kitu.

Alhamisi, 12 Novemba

Yamumbi asubuhi. Nimekimbia kwa wimbi kutafuta CD ya 2005. Nimeipata – ndege ameketi kamba ile ile, ametulia kabisa! Na Baba ametoboa zote pembeni kwa msumari wa moto. CD ina shimo katikati tayari, Baba! Sasa haisomeki tena! Eti zikitobolewa pembeni zinazunguka vizuri. Nimecheka, halafu nikaanza kulia, halafu nikacheka tena.

Akauliza kuna nini. Nimemweleza yote. Kisima. Jeneza. Nani alikuwa akibisha.

Akaenda kunawa mikono, akakaa huko sana. Nikamwambia kwamba Odera anaweza kupiga picha ya mkono wake upya, kisha auunganishe na picha ya Mzee. Akasema kesho kuna ng'ombe wa kupeleka dip kuogeshwa dawa. Basi. Nimerudi mjini nikiwa na hasira na yeye, na huruma pia.

Ijumaa, 13 Novemba

Harusi ni kesho!

Saa nne Baba ametokea mlangoni. Koti la kanisa, kofia mkononi. Sikuuliza habari ya ng'ombe.

Odera amemweleza: tunahitaji bega la mtu wa kimo cha Mzee Johnstone ili mkono ukae vizuri. Odera mwenyewe ni mlingoti. Mimi ni mfupi. Tukajaribu na kiti na mto, mkono ukaonekana unapapasa kuku. Baba karibu acheke.

Hapo ndipo Mama Faith akaingia kuulizia picha.

Hawajaonana tangu siku ile. Baba akasema, "Mama Faith." Yeye akasema, "Baba Jerop." Hata redio ya Odera imezimwa!

Nikamweleza Mama tunachofanya, na kosa langu lote. Aliniangalia, akamwangalia Baba. Akavuta stuli akakaa mbele yake. "Johnstone na mimi mabega yetu yalilingana. Hapa inatosha?"

Inatosha, Mama.

Naandika hii kwa kaunta kwa sababu sijui niangalie wapi. Baba amesimama nyuma yake. Mkono ameuinua. Haushuki. Odera amesema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, Mzee, shusha kidogo tu.

Mama Faith hajageuka. Ameweka sawa leso yake begani. "Harusi ni kesho, Baba Jerop," anasema. "Utatuchelewesha."

Mkono bado uko juu. Sasa ameweka kofia chini, na mkono unaanza kushuka –