Jiwe la Tano, Barabara ya Kabingo

Baba Mudogo,

Usishangae mwandiko. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndiyo iliniacha, tulibishana mingi juu ya hilo na hatukupatana. Lakini barua hii sikumpa mtu aniandikie. Ninaiandika ndani ya gari yako, kwenye kiti chako. Nimekisogeza mbele kidogo. Hapana, usicheke, miguu yangu inafika vizuri, ni kiti ndicho kilikuwa mbali.

Habari za nyumbani kwanza. Mama Mudogo yuko mzima. Tangu tukuzike hakutaka kuona gari, aliifunika turubai nyuma ya jikoni, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Wiki iliyopita akaniita, akanipa ufunguo, akasema: "Pasta anauliza kama gari inaweza kupeleka kwaya Mbarara tena. Weye ndiye unaijua. Inaweza ama haiwezi? Kama haiwezi, tuiuze, isiozee hapa." Unanijua mimi, mdomo unatangulia. Nikamjibu: "Mama, hii gari? Lita moja inafika jiwe la tano." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu uondoke. 

Nina neno la kukuambia kuhusu lile jiwe. Nitalifikia. Acha nijisifu kwanza.

Unakumbuka gari ilivyokuwa siku uliyoileta? Ulisema umenunua gari, mimi niliona umenunua mlevi. Ilikunywa esansi, ile Waganda wanaita petroli, toka hapa kambini Nakivale mpaka mjini Mbarara, ikanywa tena wakati wa kurudi, na wewe ukafika nyumbani na mkate mmoja na mikono inayonuka. Mafundi wa Kakoba, kulekule Mbarara, walikuambia utafute moteri nyingine. Ukarudi umekasirika. "Moteri ni muzima," ulisema, "inakula vibaya tu." Kesho yake ukavua shati, ukafungua boneti palepale kati ya mahindi na jiko la Mama Mudogo, na mimi nikakuwa injinia wako mkuu. Usikatae. Nani alisafisha vitundu vya kabureta kwa waya wa gitaa la kanisa? Ni mimi. Nani aliona kwamba filta ya hewa imejaa vumbi la kambi kama gunia la unga? Wewe, sawa, lakini ni mimi niliipiga kwenye mti mpaka ikatoka safi.

Tuliondoa kila kitu kisicho na kazi. Chuma cha kubebea mizigo juu ya paa, Mama Mudogo akakifanya uchaga wa kuanikia vyombo. Matairi tukayajaza upepo mpaka gari ikawa inaruka kama mbuzi. Halafu ukapata ile akili yako, ile ambayo watu walikuja kuitazama kutoka mitaa mingine. Ulisema upepo unaingia chini ya gari na kuishika tumbo. Tukakusanya makopo ya mafuta ya msaada, yale ambayo kila mtu hapa anatengenezea milango, tukayapasua, tukayanyoosha kwa nyundo, tukayashona kwa waya chini ya gari toka mbele mpaka nyuma. Mimi ndiye nililala chini, mgongo kwenye mavi ya kuku, wewe ukinipitishia waya na kuniambia nivute. Tulipomaliza, gari ilikuwa na tumbo linalong'aa kama samaki.

Mita ya kilomita ilikuwa imekufa zamani. Kwa hiyo ukatunga kipimo chako. Lita moja ya esansi ndani ya chupa ya maji, mpira mwembamba toka kwenye chupa mpaka kwenye kabureta, na mimi nimekaa kando yako nimeshika chupa juu, mkono nje ya dirisha. Tunaanzia mlango wa kanisa, tunaelekea Kabingo, na fasi gari inazimika, palepale tunaweka jiwe, tunalipaka chokaa. Jiwe la kwanza lilikuwa karibu sana na kanisa, hata mashemasi walituona tukisukuma kurudi. Mmoja akaita, "Ndugu, mumesahau kitu?" Jiwe la pili likapita kisima. La tatu, la nne. Kila baada ya kazi, jiwe lilisogea mbele.

Na ulikuwa na sheria moja. Kuzima moteri kwenye mteremko, hapana. "Huo ni wizi," ulisema, "hata kama unaiba kwa gari yako mwenyewe."

Sasa sikiliza.

Asubuhi ya jiwe la tano ulikuwa umechoka. Ulisema, "Leo isipopita kwa yule mama anayeuza mihogo kando ya barabara, ninaiuza, na weye unarudia shule." Vitisho viwili kwa pumzi moja. Ulipoingia ndani kuvaa viatu, nilimimina esansi kidogo kwenye kichupa cha soda, kama nusu kikombe kidogo cha chai, nikakificha chini ya shati. Tukaondoka. Tulipopita jiwe la nne, gari ikaanza kukohoa. Ulikuwa unaimba wimbo wa kanisa, macho kwenye mashimo ya barabara. Nikaimimina ndani ya chupa. Nyingine ikanimwagikia surualini. Ukaendelea kuimba.

Tulimpita mama wa mihogo, tukazimika mbele yake kidogo. Ulishuka, ukamshika mikono yule mama ambaye hata hakujua umefaulu nini. Ukatafuta jiwe wewe mwenyewe, kubwa kuliko yote, ukaweka mkono juu yake, ukaomba.

Nami nikasema amina. Kwa sauti kubwa.

Ikaja harusi ya Kakoba. Uliandika hesabu kwenye vumbi kwa kijiti, jiwe la tano mara ngapi mpaka Mbarara, ukaweka esansi iliyotosha hesabu, bila kuzidisha. Mama wanne wa kwaya wakaingia na vitambaa vyao vyeupe vimepigwa pasi. Tumepita Isingiro, kwenye kilima, gari ikazima. Wale mama wakashuka kusukuma na viatu mikononi. Bodaboda mmoja akasimama, akasema, "Ssebo, bwana, gari yako imekufa?" Ukamjibu, "Hapana, inaomba." Tulifika watu wamemaliza kula, kwaya ikaimbia sahani. Bwana harusi alikuwa amevua koti.

Kila mtu alisema ni milima. Wewe hukusema ni milima. Wakati wa kurudi ulinitazama mara moja, ukatazama barabara, ukasema tu: "Kesho tutaanza upya, toka kwenye kabureta." Hukuniuliza. Ungeniuliza, Baba Mudogo, ningekuambia. Ungenipiga kofi ningelala vizuri. Uliona doa kwenye suruali? Ulisikia harufu? Sisi wote tulinuka esansi miezi ile, labda hukujua. Labda ulijua toka siku ile ile, ukaendelea kuimba ili nisijue kwamba unajua.

Hiyo kesho hatukuipata. Homa ilikukamata, na siku chache baadaye...

Basi.

Jana, baada ya Mama Mudogo kuuliza mara ya pili, niliona siwezi kuwapandisha mama wa kwaya kwa jiwe la uongo tena. Nilitoa kuku, nikafuta kiti. Nikajaza lita moja, mbele ya Mama Mudogo, yeye mwenyewe ameshika chupa ya kupimia. Chupa nikaifunga dirishani kwa kipande cha mpira wa baisikeli, fasi ulipokuwa mkono wangu. Mifuko yangu mitupu. Nikaondoka kanisani peke yangu. Kwenye mteremko sikuzima moteri.

Jiwe la kwanza, la pili. La nne likapita na gari haikukohoa. Niliona jiwe lako kubwa linakuja, likapita dirishani. Ikazimika hatua arobaini mbele yake. Nilizihesabu mara mbili. Nikaruka, nikapiga makofi kwenye boneti, nikamwambia mama wa mihogo kwamba Uganda nzima haina injinia kama mimi, kwamba uongo umekuwa kweli. Akanitazama, akanisogezea kipande cha muhogo. Akasema, "Na baba yako mudogo, yule munene, yuko wapi leo?"

Hakuwa amesikia kwamba tulikuzika.

Nikaelewa palepale, kabla sijamjibu. Mtu mzito kama wewe, Baba Mudogo, unayelaza springi za upande mmoja, hukuwa ndani. Gari haikuwa imekunywa kidogo. Ilikuwa imebeba kidogo. Nilimwambia yule mama, akaacha kuuza, akaja kukaa na mimi juu ya jiwe. Nililia kiasi. Usimwambie mtu. Hizo hatua arobaini sizitaki. Ningependa izimikie kwenye jiwe la tatu, na wewe ndani, tunabishana nani asukume.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Mama Mudogo anakumbuka kilo zako toka siku walipokupima zahanati. Nitajaza gunia la mahindi uzito huo huo, kilo kwa kilo, nitaliweka kando yangu na kulifunga mkanda. Tutaondoka kanisani pamoja. Gari ikizimika kabla ya jiwe lako, nitalivingirisha nyuma kwa mikono yangu mpaka fasi ya kweli, kisha nitaenda kwa Mama Mudogo na kwa Pasta kueleza ni nani alilifikisha kule na kwa nini suruali ilinuka. Kwaya watacheka au watanifukuza. Halafu nitaanza upya, toka kwenye kabureta. Gurudumu la nyuma kushoto linapata moto, nadhani breki inashika. Hilo hukuliona, nimeliona mimi.

Pumzika sasa. Jumamosi asubuhi utakaa kiti cha abiria, mimi nitaendesha, na tafadhali, usinifundishe kubadilisha gia.

Mutoto wako,
Injinia