Mawe ya Baba Hayamo Kwenye Picha

Muscat, Jumapili jioni

Dotto, pacha wangu,

Mwangaluka, maana najua utayasoma haya asubuhi. Natumaini maneno haya yanakukuta mzima huko Bariadi, bati umezipata, na hujaibiwa stendi kwa kushangaa magari. Mimi mwili mzima, joto la huku tumeshazoeana. Ila leo nina neno zito. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwa simu ningekugombeza tu, nawe ungekata useme ni mtandao.

Dotto, fundi amelifuta kaburi la baba.

Rudia kusoma. Mimi picha aliyonitumia mchana nimeirudia mpaka macho yanauma. Chini ameandika kwa furaha: "Dada mhandisi, uwanja umekaa kama ulivyochora." Uwanja umesawazishwa, kamba za msingi zimenyooka, na pale mbele ya mlango wa zizi alipolala baba hakuna hata jiwe moja. Nilipiga kelele ofisini, "Mayu wee!", watu wakadhani nimepata habari ya msiba. Niliwaambia ndiyo.

Nikampigia fundi.

"Yale mawe?" akasema. "Tumeyatia kwenye msingi, dada, yalikuwa mazuri sana. Si kwenye picha yako pale pana nyasi na gari?"

Sikuweza hata kumtukana. Yeye ni mtu wa mjini, nani alimwambia kwamba kwetu Sola mwenye mji hulazwa mlangoni pa zizi, na kwamba baba alikataa saruji akataka mawe tu? Nikaifungua picha yangu. Nyasi za kijani ambazo Sola haijawahi kuziona, na gari jeupe limeegeshwa juu ya kifua cha baba. Picha nimeitengeneza mimi, nikaitazama weee, nikasifia madirisha!

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nyumba ya Mama niliichora kwenye kompyuta kila kitu peke yake: ukuta ni ukuta, jiko la Mama ni jiko, zizi ni zizi, na kaburi nililiandika kaburi. Hilo ndilo faili zito lililogoma kufunguka kwenye simu yako. Halafu nikataka Mama aone nyumba yake itakavyopendeza, nikaitumia hii akili mnemba inayopamba michoro. Inapokea faili zima la modeli, yaani mchoro wenyewe, na inapokea pia JPEG, yaani picha ya kawaida. Modeli ilikuwa inachukua muda kupanda mtandaoni, nikaipa JPEG ya mchoro huo. Sasa JPEG ni kama ugali uliokwisha songwa, huwezi tena kusema huu unga na haya maji. Kwenye modeli ningeonyesha kaburi na kuiambia hili usiliguse. Kwenye picha iliona madoa ya kijivu vumbini, ikadhani uchafu, ikafagia.

Vyote viwili nikakutumia, nawe ukaniandikia, "Faili limegoma, lakini picha inatosha." Nikajibu, "Haya." Ukampa fundi picha peke yake, ukaenda zako kutafuta bati. Lawama tutagawana, tumezaliwa wawili.

Kilichonikata maini ni kwamba kesho fundi alitaka kuchimba shimo la choo pale pale, kwa kuwa anaona ni patupu. Nikamwambia asithubutu. Akaniambia kwa upole, "Basi nionyesheni lilipo, dada, nisije nikakosea tena." Nani angemwonyesha? Ardhi yote sawa, na Mama alikuwa bado yuko Lagangabilili kwenye msiba wa mume wa mama mdogo. Niliogopa kumpigia. Jioni nikapiga, nikiwa nimeshaanza kulia kabla hajapokea.

"Nimeona," Mama akasema. "Nilifika ng'ombe wanarudi."

Unajua tulivyowazoesha ng'ombe wa baba, tangu siku tulipomzika, kupita pembeni ya yale mawe. Mama alisimama kwenye uwanja mtupu akiwatazama. Walipofika pale wakagawanyika, hawa huku, hawa kule, wakakutana tena mlangoni pa zizi. Katikati hapakuwa na kwato hata moja. Mama akaingia ndani, akachukua fimbo ya baba, akaichomeka pale.

Hapo ndipo nikakumbuka faili zito, nikalifungua. Nikapima kutoka kona ya jiko la Mama, ambalo bado limesimama, hadi kaburini, nikamsomea fundi urefu, akakata kamba. Yeye akashika kona, Mama akaivuta kuelekea mlango wa zizi mpaka mwisho. Nikamsikia fundi kwenye simu akisema, "Mungu wangu." Kamba ilikuwa imeishia kwenye fimbo.

Nimeduwaa mpaka sasa. Nilimwambia Mama, "Ng'ombe wamejuaje, na mawe hayapo?" Akanijibu kama anayemjibu mtoto, "Ng'ombe hawakuiona hiyo picha yako."

Sasa wewe bati ziache zisubiri. Panda gari la asubuhi, yatoe yale mawe kwenye msingi kabla zege halijamwagwa, uyapange kwa mikono yako mwenyewe. Nimekuambatanishia ramani yenye vipimo kwa PDF, hii inafunguka kwenye simu yako. Ichapishe hapo mjini kwenye karatasi kubwa, kaburi utaliona limeandikwa kwa jina la baba. Ile picha nzuri ifute, kwako na kwa fundi.

Nisalimie wifi yangu na wanangu. Mama mdogo mpe pole, mwambie nitampigia. Katekista aliyemwombea baba msalimie pia, ila haya usimsimulie. Na fundi naye, nimeshapoa kidogo.

Kesho jioni, ukishamaliza kuyapanga, kaa pembeni uwapishe ng'ombe waingie. Waangalie wanavyopita, halafu uniambie kama mawe umeyaweka mahali pake.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa,
Kulwa