Waya Ulioufunga Kwenye Bomba

Himi, Toyama
Tarehe 20 Januari, 2008

Mpendwa Kaka Noboru,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Wifi Luciana na watoto huko Brazili hawajambo? Huku theluji imefika madirishani. Mimi ni mzima. Baba ni mzima nusu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unaukumbuka waya wa ardhi wa redio yake, wa kupeleka chini umeme unaovuja, ule ulioufunga kwenye bomba la maji mwaka mlipopata pamoja leseni ya kuitana redioni? Vuli iliyopita manispaa iling'oa mabomba ya chuma ikaweka ya plastiki. Nilikuandikia kukuuliza kama waya ule ungali na kazi, maana wewe ndiye uliyesomea umeme. Hukujibu. Hata kadi ya mwaka mpya haikuja.

Mwezi wa kumi na mbili, zilipoanza zile ngurumo za msimu wa samaki buri, Baba alitoka kukwangua theluji akarudi na soksi zimelowa chapachapa. Alikwenda kuchomoa antena kama ulivyomfundisha. Ndani ya redio kulikuwa na waya uliochubuka, ukagusa bati lake la nje. Umeme haukuwa na pa kwenda ila mwilini mwake. Nilimkuta ameng'ang'ania redio, macho wazi, nikakimbilia swichi kuu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungua na havikunjiki tena.

Fundi Kitamura alikuja akaugonga waya wako kwa bisibisi.

"Mzee, hili ni pambo tu. Limefungwa kwenye plastiki."

Akataka kuukata. Baba akamshika mkono.

"Uache. Noboru akirudi atauliza nani kaugusa."

Kaka, nilisikia hasira. Niliukata mwenyewe, kwa koleo la Kitamura, mbele ya Baba.

Sasa fimbo ya shaba imepigiliwa ardhini karibu na dirisha, imeunganishwa na nyaya za ardhi za nyumba nzima na za antena, kwa waya mnene mfupi. Kitamura ameweka pia swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kwa hiyo usijisumbue kuja kutengeneza.

Shangazi Fumi anakusalimu. Binamu Yasuo pia, ingawa alisema hajui kama bado unazielewa salamu zetu. Mwenyezi awalinde nyote.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kila Jumapili saa mbili asubuhi, saa yenu ile ya kuitana redioni, Baba anavaa vile visikizio na kuweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye ufunguo wa kupigia alama za redio. Anaita, anasubiri, anaita tena. Mwaka wa nne huu bila jibu lako. Akimaliza ananiambia hali ya anga ni mbaya leo, mawimbi hayafiki Brazili. Nami huitikia.

Kaka, nimechoka kuisingizia anga.

Mdogo wako akupendaye hata hivyo,
Shizue