Udhu wa Siku ya Kumuoza Rukia

Mama Rukia,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, Mola akupe nafasi. Mwanao ameolewa. Jana Ijumaa, baada ya Isha, msikiti wetu huu huu wa Kibokoni. Nimemuoza mimi mwenyewe, na kwa udhu ule ule niliotia Alasiri. Usicheke.

Wajua hofu yangu, na tumbo langu hili la upepo. Walii, baba wa bibi harusi, hukaa safu ya mbele, kisha goti kwa goti na bwana harusi, msikiti mzima kimya. Udhu ukitanguka, huna budi kuinuka upasue safu zote, na kila mtu ajua unakwenda wapi na kwa nini. Jirani yetu Twahir alishanitangazia barazani: "Yakhe, mpe kadhi wakala akuozee. Tumbo lako litajibu kabla ya bwana harusi!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikasema, hapana. Mama yake hayupo, na baba naye atoe wakala? Haiwi.

Basi zile amri zako za chakula, nilizokuwa nikizisikia kwa sikio moja, nikazishika. Maharagwe ya yule mama anayetuuzia chakula Shimanzi, karibu na godauni letu, nikayaacha. Hadi leo adhani nimemnunia. Kabichi, hapana. Soda nikawaachia wageni. Vitunguu vya kachumbari nikavitoa kimoja kimoja kama nachambua mchele. Maziwa, ambayo mimi nayo hatujapatana tangu ujana, nikayaaga, nikanywa chai ya rangi. Na kutafuna! Ulikuwa ukiniambia, "Baba Rukia, unakula kama uliyefukuzwa. Huo ni upepo waumeza." Nilidhani matani. Wiki nzima nimetafuna mpaka taya zikauma.

Mtihani ukaja jana asubuhi. Dada yako kaleta mbaazi za nazi, tui zito limetanda juu, na mahamri ya moto. Nyumba ikanukia kama siku zako. Nililitazama lile bakuli... Mola anisamehe, nililitazama sana. Kisha nikala mahamri matupu.

"Shemeji, waumwa?" akaniuliza.

"Siumwi. Naoza."

Na tumbo likatulia, mke wangu. Likakaa kama mtoto aliyeahidiwa halua. Nikaushika mkono wa kijana, kadhi akinitamkisha, nikafika kwenye "binti yangu Rukia", sauti ikakatika. Jina lile ulimpa wewe. Wiki nzima nachunga tumbo, macho sikuyachunga. Yakamwagika mpaka ndevuni, na watu wote wangoja.

Twahir, nyuma yangu, akaninong'oneza: "Maliza, yakhe. Machozi hayatangui udhu."

Nikamaliza.

Picha hazijasafishwa bado. Rukia alivaa ile kanga yako chini ya nguo ya harusi. Hakuniambia, niliuona upindo wake.

Sasa nyumba ni mimi na paka. Dada yako ameniachia mbaazi nyingine. Nitakula, lakini chache, na nimemuuliza kama alizilowesha usiku na maji yake akayamwaga, kama ulivyofanya wewe. Akacheka, akasema nimekuwa wewe.

Lala salama, Mama Rukia. Ijumaa ijayo nitakuja makaburini nikusomee Yasini. Nakuahidi nitakuja na udhu wangu na tumbo lililotulia. Macho siyatolei ahadi.

Mumeo,
Baba Rukia